Mbegu Mbichi Usoni

Mtu akiniambia kitu hakiwezi kunidhuru kwa sababu ni cha asili, damu hunichemka. Upupu ni wa asili. Sumu ya nyoka ni ya asili. Nduma mbichi, yaani gimbi, ni ya asili, na hakuna mama kule kwetu Kanja atakayekupa uitafune, maana kila mtu anajua itakuwasha koo mpaka machozi yakutoke. Nduma huchemshwa hadi iive kabisa. Hilo tumelijua tangu utotoni, na ndiyo sababu sijaweza kumsamehe shangazi yangu, ambaye amelima nduma maisha yake yote.

Ni dada ya baba. Sisi humwita tata, na katika mambo ya ndoa kwetu neno lake ndilo la mwisho. Dada yangu mdogo alipopata mchumba, tata ndiye aliyepokea wageni, akapanga siku ya ruracio, ile sherehe ya kupokea mahari, akaamua nani apike na nani akae wapi. Mama yetu aliitikia tu. Mimi hufundisha shule ya msingi huku Kaaga, mjini Meru, kwa hivyo mambo mengi yalifanyika nisipokuwepo.

Ila siku mama ya mchumba alipokuja mara ya kwanza, nilikuwepo. Ana duka la nguo Karurumo, na anajua kuvaa. Alisifu chai, akasifu kitalu cha dada yangu cha miche ya avokado na makadamia, kisha akamgeukia tata, si mama, akasema kwamba msichana ni mzuri na ana bidii, lakini uso wake ni wa shamba. Kufikia siku ya ruracio ulainishwe kidogo, kwa kuwa kutakuwa na kamera. Dada yangu alikuwa ameshika birika hatua chache kutoka hapo. Aliendelea kumimina chai kama hajasikia.

Mimi nilitazama mkono wa yule mama uliokuwa umeshika kikombe. Uso wake ulikuwa na rangi ya ndizi mbivu, lakini viungo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi tititi. Anayejua habari za krimu za kujichubua anajua viungo vya vidole huwa havidanganyi. Uzuri wa mkakasi, nikajisemea, nikanyamaza kwa kuwa mgeni ni mgeni. Ningejua yatakayofuata, ningesema kwa sauti.

Dada yangu alikuwa na makovu ya chunusi za ujanani, na madoa ya jua ya mtu anayeshinda nje na miche yake. Hayakuwa yakimsumbua. Baada ya siku ile yakaanza kumsumbua. Akanunua krimu ya retino, ya kuondoa chunusi na makovu, mjini Embu, akawa anajipaka usiku. Ilimkausha na kumbambua ngozi kwanza, halafu ikaanza kumsaidia. Kisha akashika mimba.

Watu wa Karurumo walifurahi kuliko sisi. Lakini nesi wa kliniki alipomuuliza anatumia nini na nini, na kusikia retino, alimwambia aiache siku hiyohiyo, maana dawa za ukoo huo hazitakiwi mimba ikiwepo. Akaacha. Chunusi zikarudi, safari hii zimeleta na jamaa zao. Mama wa Karurumo akapiga simu kuuliza mtoto anaendeleaje, na uso unaendeleaje. Mtaka yote hukosa yote, lakini huyo hakuwa amewahi kuambiwa methali hiyo, au waliomwambia walimwogopa.

Mimi ndiye niliyetafuta njia nyingine. Mwalimu mwenzangu alinionyesha mafuta yanayoitwa bakuchioli. Hutolewa kwenye mbegu za mmea fulani wa India, na wanaoyatumia husema yanafanya kazi inayokaribia ya retino, lakini kwa upole. Nilinunua kichupa katika duka la dawa, nikampelekea nesi kabla ya kumpa dada yangu. Alikisoma pande zote. Akasema hii si jamii ya retino, ila uchunguzi kwa wajawazito bado ni mdogo, kwa hivyo tusifanye pupa. Tone moja usiku, mchana kofia na krimu ya kuzuia jua, na akiwashwa tu aache. Dada yangu akafuata hivyo. Alikuwa akichanganya lile tone na mafuta ya makadamia, na ngozi yake ikatulia. Haikuwa ngozi ya mtoto mchanga. Ilikuwa ngozi ya mtu aliyelala vizuri, na hiyo ilinitosha mimi na ilimtosha yeye.

Haikumtosha tata. Alikiona kichupa dirishani, akacheka udogo wake, akalisoma jina la mmea na kulikariri. Siku ya soko Embu akaenda kwa mchuuzi mmoja wa mitishamba, wale wenye vipaza sauti wanaotibu kila kitu kuanzia vidonda vya tumbo hadi kesi mahakamani, akanunua pakiti ya unga wa mbegu zilezile.

"Hiyo ya chupa wametoa nguvu wakaweka madawa," alimwambia dada yangu. "Hii ndiyo yenyewe. Ni mbegu tu, haina kitu mbaya."

Akaukoroga unga kwa mafuta ya mbarika mpaka ukawa uji mzito, akampaka kwa mkono wake mwenyewe, akaamuru usioshwe. Mama alikuwa jikoni. Aliona, na hakusema, kwa kuwa kwetu tata hasemezwi. Asubuhi iliyofuata lori likaja kuchukua miche, na dada yangu akashinda kitaluni mchana kutwa akihesabu na kupakia, jua la Januari likimpiga usoni. Jioni uso ulikuwa moto. Asubuhi ulikuwa malengelenge kuanzia paji hadi kidevuni.

Nilifika Kanja siku hiyo. Daktari wa zahanati akatueleza kwa maneno mepesi: mbegu mbichi za mmea ule zina kitu ambacho jua likikigusa juu ya ngozi, huunguza kama maji moto. Wanaotengeneza mafuta ya chupa hukiondoa kwanza. Yaani mbegu ni ileile, lakini moja imepikwa na nyingine ni mbichi. Nduma! Nilimwendea tata nikamweleza kwa heshima zote nilizokuwa nimebakisha. Alinisikiliza akiwa anachambua maharagwe.

"Huo ni uchafu unatoka," akasema. "Ngozi inajisafisha."

Sijawahi kutamani kumpiga mtu mzima isipokuwa siku ile. Nilitoka nje nikaosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Malengelenge yalikauka, yakaacha mabaka meusi kama ya ndizi iliyosahaulika kabatini. Daktari alisema yatafifia polepole, huenda kwa miezi mingi, na kwamba asipake kitu wala asikae juani. Ruracio ilikuwa imekaribia. Tata alikataa kuisogeza mbele, maana wageni walikwisha alikwa. Akatangaza kwamba atatafutwa msichana wa kumpaka vipodozi vizito. Dada yangu akakataa. Mchumba wake alikuwa akifanya kazi mbali na alikuwa akimpigia video kila jioni, na dada yangu akamwambia kamera ya simu yake imeharibika. Kwa hivyo mchumba hakuwa ameuona ule uso hata mara moja.

"Akinikataa mbele ya watu," aliniuliza, "huyu mtoto ataitwa wa nani?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira haimfuti mtu machozi.

Siku ya ruracio ina mchezo wake. Wasichana kadhaa wanaolingana kimo hufunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, wanapangwa mstari, na bwana harusi anaambiwa achague wake. Akikosea, analipa faini, na wanawake wanacheka. Tata alikuwa ameupangia mchezo huo hila: dada yangu akichaguliwa tu, aingizwe ndani bado amefunikwa, ati kubadilisha nguo, na mambo mengine yajadiliwe mahari ikishapokelewa. Alikuwa anataka kuwauzia watu wa Karurumo ule uso alioharibu yeye, kisha kuwafungia mlango.

Nilifunikwa pia, nikasimama karibu na dada yangu, pembeni mwa hema ambako kivuli kilikuwa kimeisha. Tulishikana mikono. Kupitia kitambaa niliona viatu vya bwana harusi vikipita polepole, vikisimama, vikirudi. Vigelegele vilikuwa vingi. Ndipo mama yake akaita kutoka viti vya mbele, kwa sauti ya kicheko.

"Chungulia kwanza, mwanangu. Tusiuziwe mbuzi kwa gunia."

Hema zima likacheka. Nikahisi mkono wa dada yangu ukiniponyoka. Nilipojifunua, yeye alikuwa ameshaitupa leso yake chini.

"Ni mimi hapa," akasema. "Mlitaka uso laini, na huu ndio mmepata. Kama mlikuja kuchukua uso, mbuzi wenu bado wamefungwa pale. Rudini nao."

Mtu wa muziki akazima muziki bila kuambiwa. Tata alitoka mbio alikokuwa, akaiokota leso, akainua mikono amfunike dada yangu kichwa.

Bwana harusi alimpokonya. Nilidhani anataka kumfunika kwa mkono wake mwenyewe, na nikajiandaa kumwambia mambo ambayo mwalimu hasemi. Lakini aliikunjua leso, akaishika ncha mbili, akaiinua juu ya kichwa cha dada yangu kama paa, mpaka uso wake wote ukaingia kivulini.

"Jua inakuumiza?" akauliza.

"Inaniumiza sana," dada yangu akasema, na hapo ndipo akalia.

Tangu aungue, nyumba nzima ilikuwa ikiuliza swali moja: uso utakuwa umepona kufikia Jumamosi ya ruracio? Hilo la maumivu liliulizwa na huyo mmoja. Walitembea hivyo hadi kwenye viti vyao, mikono yake ikiwa juu, na akaketi hivyo hivyo mpaka kijana mmoja alipowaletea mwavuli. Mama yake alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba wake, na aliendelea kukitafuta kwa muda mrefu. Hakuna aliyekumbuka kudai faini.

Mama huniambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nami humjibu kwamba tata ndiye yajayo yenyewe. Mtoto alipozaliwa tulienda Karurumo kumwona, na tata akaja nasi, amejaa baraka. Mtoto alikuwa na vipele vya joto shingoni. Tata akavitazama, akafungua mkoba, akatoa pakiti ya unga. Akasema ni ya asili, haina kitu mbaya.

Dada yangu bado alikuwa na mabaka mashavuni, yamefifia lakini yapo. Aliipokea pakiti kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa. Akaifungua, akainusa, akaifunga tena, akamrudishia kwa mikono miwili vilevile.

"Tata, jipake wewe kwanza," akasema. "Halafu ukae hapo nje kwa jua mpaka jioni. Nikiona uko sawa, nitampaka mtoto."

Tata alitazama uwanja. Jua lilikuwa kali. Kisha akairudisha pakiti mkobani.