Nusu ya Sauti ya Baba

Bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie niiache.

Baba alikuwa fundi cherehani barazani kwetu, Kawempe. Tulitoka Kongo nikiwa mdogo, na mtaa mzima ulitujua kwa sauti yake. Akimpima mteja alitangaza kiuno, paja na urefu kama mtu wa mnadani, nami nikiandika daftarini. Hakuna aliyeweza kuficha kitambi chake kwetu. Kisha uvimbe ukamwota kooni, na hospitali ikamkata nusu ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kinachopanda na kushuka shingoni mtu akimeza.

Alirudi na pumzi tupu, kama pampu ya baiskeli. Daktari alimwambia kwamba nusu iliyobaki itajifunza kazi ya nusu iliyotolewa, mradi aitumie kila siku. Akiiacha ilale, itazoea kulala. Basi kila asubuhi Baba aliusukuma ukuta kwa viganja viwili, kama daktari alivyomfundisha ili koo likaze, huku akihesabu. Baada ya miezi michache, "saba" yake ilikuwa na sauti ndani. Ilikwaruza, ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa sauti. Nilicheka, akanirushia chaki.

Kisha jeshi likatwaa serikali, na daktari yule akaikimbia nchi, kama wenzake wengi. Yeye simlaumu. Ninaowalaumu ni majirani. Kumsikia Baba kulitaka umsogezee sikio, na siku zile watu wawili wakisogezeana vichwa walidhaniwa wanapanga njama dhidi ya serikali. Rafiki zake wa miaka, waliokula kwetu mpaka wakalegeza mikanda, wakaanza kumpungia mkono wakiwa ng'ambo ya barabara. Waoga wale. Na mimi nikawashinda wote kwa woga.

Siku moja askari alileta kitambaa cha suruali. Baba akampima kimya, nikaandika.

"Mzee, suruali itaisha siku gani?" askari akauliza.

Baba akamwinamia sikioni amjibu. Askari akaruka nyuma, mkono ukaenda kiunoni penye bastola.

"Wewe nanong'ona nini? Sema kwa nguvu."

Baba akavuta pumzi. "Iju..." akaanza, na ilikuwa inatoka, naapa ilikuwa inatoka vizuri kuliko siku zote. Nikamkata.

"Afande, samahani, mzee huyu ni bubu. Hasemi kabisa. Suruali itaisha Ijumaa."

Askari akacheka, bastola ikabaki mahali pake. Suruali ikampendeza, akaleta wenzake. Walifurahi kupata fundi bubu, kwa sababu walizungumza mbele yake mambo ambayo mwenye mdomo asingeachwa hai baada ya kuyasikia. Walikuja kila wiki. Kwa hiyo Baba akawa bubu barazani mchana kutwa, kisha akawa bubu ndani pia, maana ukuta wetu na wa jirani ulikuwa mmoja. Asubuhi moja nilimkuta ameuwekea viganja, anahesabu. Nikamwambia, "Baba, utatuua." Akashusha mikono.

Ilipita miaka. Askari waliposhindwa vita wakaukimbia mji, mtaa ulitoka nje ukaimba, na majirani wale wale wakaja kumkumbatia Baba na kumpigia kelele masikioni, kana kwamba alikuwa kiziwi. Nilitamani kuwafukuza kwa fagio.

Walipoondoka nilikaa mbele yake. "Baba," nikasema, "sasa sema."

Aliinuka, akaweka viganja ukutani, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Sikusikia kitu. Nikasogea, nikaweka sikio langu mdomoni pake. Kulikuwa na neno moja, la pumzi tupu.

"Ijumaa."

Kisha akarudi kwenye cherehani yake, na mimi sikuwa tena na mtu mwingine wa kumkasirikia.