Kura ya Akina Matonya

Swalihu Mrisho wa Nkuhungu hajawahi kuiba hata kuku. Huswali kwa wakati, huwatengenezea majirani simu bure, na ndiye aliyeandika programu ya kupigia kura ya ushirika wa wakulima wa zabibu kule upande wa Ihumwa. Nayasema haya mapema msije mkadhani nawasimulia habari za mhuni. Mhuni tungemshtukia.

Kwa Wagogo, mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Matonya, na mwaka wa mvua nzuri kijiji hujaa akina Matonya. Wazee hawa hawajui tarehe zao za kuzaliwa, basi makarani huwaandikia wote Julai mosi. Swalihu, mtoto wa mjini, aliona jina moja na tarehe moja, akaamua ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara nyingi. Akaiagiza programu iwaunganishe.

Ruthu, karani wa ushirika, alimwambia mapema. "Kaka, hawa ni watu tofauti. Mmoja wao ni babu yangu."

"Tutarekebisha kwenye toleo la pili, dada. Mwenyekiti anautaka mfumo wiki hii."

Siku ya kura swali lilikuwa moja: shamba la ushirika liuzwe kwa mwekezaji, au lisiuzwe? Matonya mwenye duka alitangulia, akakubali liuzwe. Akafuata Matonya babu yake Ruthu, aliyeipanda mizabibu ile tangu ujana, amekuja kukataa. Ruthu alipobonyeza jina lake, kioo kikaandika: AMESHAPIGA KURA. Matonya wa nyuma yake naye vilevile. Ukumbi ukacheka. Mtu akauliza kama mzee ana matumbo mawili.

Ruthu akasimama kulalamika. Mwenyekiti, aliyetaka shamba liuzwe, akamgeukia Swalihu mbele ya wote. "Fundi, mashine yako inakosea?"

Swalihu alijua. Neno moja tu na kura ingesimamishwa, lakini mwenyekiti alikwisha kumwahidi kazi ya vyama vingine.

"Mfumo haukosei," akasema Swalihu.

Shamba likauzwa. Babu yake Ruthu alifukuzwa uanachama kwa kujaribu kupiga kura mara mbili, na trekta likaing'oa mizabibu ikiwa na vichala vibichi. Nina hasira na trekta lile mpaka leo, ingawa najua halikuandika chochote.

Majuzi Swalihu alirudi Ihumwa kuufunga mfumo huohuo katika ushirika mwingine. Mzee yule alimfuata nje ya ofisi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," Swalihu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe umesoma, nisaidie. Wajukuu wanasema akili yangu imeanza kuondoka, nami naona ni kweli. Ile siku, nilipiga kura saa ngapi? Nimejaribu kukumbuka nimeshindwa."

Swalihu aliitazama saa yake, kama vile jibu limo humo.

"Asubuhi, mzee," akasema. "Ulikuwa wa kwanza."

Mzee akamshukuru sana.