Dirisha Nililolificha

Mimi nina hasira za karibu. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshamkasirikia mkunga, na sikuwahi kumbishia. Nayasema haya mapema ili nikifika pale nilipompigia kelele mwanamke aliyenizidi miaka ishirini, msishangae, na tafadhali msinitetee.

Nilikuwa, na bado niko, mtu wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi hapa Machakos. Maabara yetu ina mashine ishirini na nne. Zamani programu mpya ikija nilizunguka na flashi mkononi, mashine moja baada ya nyingine, nikibonyeza endelea, endelea, nakubali, maliza, mpaka kidole kikafa ganzi. Baadaye nikajifundisha njia ya wenye akili. Unaiweka programu kwenye seva, unaandika amri moja, na mwishoni mwa amri unaongeza machaguo, yaani vijineno vifupi vya kuiambia programu ijisakinishe vipi. Usiulize maswali. Usiwashe mashine upya. Andika kila hatua kwenye faili ili nije nisome. Hicho ndicho kifurushi. Unabonyeza mara moja ukiwa ofisini kwako, na mashine zote zinakipokea kupitia mtandao.

Kuna chaguo moja la dirisha. Ukitaka, kila mashine itaonyesha kidirisha chenye mstari unaojaa polepole, ili mtu aliye mbele yake ajue kazi inaendelea. Usipotaka, skrini inabaki vile vile ilivyokuwa, kumbe ndani watu wanahama nyumba.

Mwaka huo wanafunzi wetu walikuwa wafanye mtihani wao wa mwisho kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza. Programu ya mtihani ilitufikia Jumatano mchana, na mtihani wenyewe ulikuwa Alhamisi saa nane. Nikakiandaa kifurushi jioni ile, nikakijaribu kwenye mashine mbili za ofisini kikiwa na dirisha, kikakubali bila tatizo. Kisha kijana wa baraza la mitihani akanipigia simu kutoka Nairobi. "Madam," akasema, "huko kwenu heri uzunguke tu na flashi." Huko kwenu! Kana kwamba sisi wa Machakos tunawasha kompyuta kwa kuni. Nilipokata simu nilirudi kwenye amri yangu, nikaliondoa dirisha. Nilitaka wakifika waikute programu imekaa tuli kwenye kila mashine, na mtu yeyote asijue ilifika saa ngapi. Ilikuwa maringo tu.

Sasa, maabara ile ilikuwa na mlinzi wake, mama mmoja wa kutoka Kathiani ambaye chuo kizima kilimwita Mama. Alifungua asubuhi, akapiga deki, akaandika majina ya wanaoingia, akafunga jioni. Alikuwa mfanyakazi wa mkataba, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule ule. Alikuwa na mjukuu katika sekondari, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimsomesha mtoto yule. Kila mtu alijua hivyo, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kuficha shida zake.

Miaka ya nyuma radi iliwahi kupiga na kuunguza mashine tatu. Mkuu wa chuo wa wakati huo akamwambia Mama: ukitoka humu, hata kama ni kwenda kula, zima umeme pale ukutani. Hakuna aliyeliandika agizo hilo mahali popote, lakini Mama hakulivunja hata siku moja. Saa saba ikifika, mkono wake uko kwenye swichi kubwa. Mimi nililijua hilo vizuri kabisa.

Alhamisi iliamka na mvua. Saa tano nilikwenda maabara kukagua kebo, na mlangoni Mama akanizuia kwa ufagio.

"Mwiitu," akasema, yaani binti, "viatu."

Nikamwambia nina haraka.

"Hata mimi niko na haraka. Nimepiga deki hii mara mbili, na sasa unaniletea matope ya shamba lote."

Wanafunzi waliokuwa ndani wakacheka. Nikarudi kwenye gunia la mlangoni nikafuta viatu, uso unaniwaka, mtu mzima na shahada yangu nikifunzwa usafi mbele ya watoto. Nikakagua kebo bila kumsemesha, nikatoka bila kumuaga. Nilikuwa nimekuja pia kumwambia neno moja: leo usizime. Nilitoka nalo mdomoni kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Saa saba kasoro dakika ishirini nikabonyeza. Kwenye skrini yangu ofisini, orodha ya mashine ishirini na nne ikaanza kujibu: imepokea, imepokea, inaendelea. Kazi ilihitaji kama nusu saa. Moja ikamaliza, kisha ya pili, kisha ya tisa. Nikajipongeza kimoyomoyo. Halafu, saa saba kasoro dakika mbili, orodha yote ikageuka nyekundu. Haipatikani. Haipatikani. Haipatikani. Ngai! Nilijua papo hapo ni nini, nikatoka mbio kwenye mvua bila koti.

Nilimkuta anafunga kufuli, mwavuli kwapani, chakula chake kwenye mfuko. Varandani kulikuwa na wanafunzi wote wa mtihani, wamesimama wakipitia madaftari yao.

"Mama, umefanya nini?" nikapaaza sauti. "Umeua mashine zote! Hawa watoto watafanyia mtihani wapi?"

"Aiya! Si nimezima tu kama kawaida? Hakuna kitu ilikuwa inaendelea. Niliangalia."

"Uliangalia nini? Wewe unajua nini juu ya kompyuta? Kazi yako ni kufagia, na hata hiyo basi!"

Hayo ndiyo niliyoyasema. Msichana mmoja akaziba mdomo kwa daftari. Mama akafungua kufuli, akaingia, akawasha umeme, akarudi nyuma ukutani kunipisha.

Mashine tisa zilikuwa salama. Kumi na tano zilikuwa zimekatwa katikati. Ukiifungua programu inakataa, ukiisakinisha tena inakwambia tayari ipo. Nikakaa kwenye mashine ya kwanza na kufungua lile faili linaloandika kila hatua. Mstari wa mwisho ulikuwa umekatika nusu ya neno. Lakini juu kabisa, kwenye mstari wa kwanza, faili huwa linanakili amri yenyewe kama ilivyoandikwa. Nikaiona amri yangu, na lile chaguo langu la kuficha dirisha. Mama aliangalia kweli. Alipita kwenye skrini ishirini na nne, hakuona kitu, akazima, kwa sababu mimi niliagiza asione kitu.

Wakati huo huo mkuu wa chuo akaingia. Huyu ni mkuu mpya, hakuwepo wakati wa radi.

"Kuna shida gani?"

"Umeme ulizimwa programu ikiingia, bwana mkuu."

"Nani amezima?"

"Mama."

Sikusema uongo hata neno moja, na ubaya wenyewe uko hapo. Mkuu akamtazama Mama, akaniuliza kama mtihani utafanyika, nikasema utafanyika, akatoka.

Nikaandika amri ya kuing'oa programu kwenye zile kumi na tano, kisha ya kuisakinisha upya. Vidole vilikuwa vikikosea herufi. Ukikosea herufi moja amri inakataa, unaanza upya, na saa ya ukutani haikungoji. Safari hii dirisha nililiacha. Mama hakwenda kula. Alizunguka kutoka mashine hadi mashine akiitazama ile mistari, akiniitia kwa sauti: "Hii imefika nusu! Hii ya kona imesimama, njoo uone! Hii imemaliza!" Wale wa baraza la mitihani wakafika, wakanuna, wakangoja. Saa tisa na nusu wanafunzi wote wakaketi, na mashine zote zikafunguka. Watu wakanipa mkono. Kijana wa Nairobi akasema, "Madam, umejitahidi." Mama alikuwa ameshaitwa ofisini.

Jumatatu akapewa barua. Ajieleze kwa maandishi, katika siku saba, kwa nini mkataba wake usikatishwe. Niliisikia habari hiyo kwa karani nikiwa nachemsha chai, na nikaendelea kuchemsha chai. Nilijiambia watamwonya tu. Nilijiambia nitakwenda kwa mkuu kesho. Kesho ikafika, nikapata kazi ya kurekebisha printa.

Siku ya Jumatano Mama akabisha mlango wangu. Alikuwa ameifunga barua kwenye karatasi ya nailoni isilowe. Akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mwiitu, nisaidie kuandika. Wewe unajua maneno ya ofisi. Na ile siku ulikuwa na haki kunigombeza."

Nikafungua ukurasa mtupu. Akaanza kunitajia maneno, nami nikawa napiga chapa. Kwamba amefanya kazi hapa miaka kumi na minne. Kwamba anaomba msamaha. Kisha akasita.

"Andika niliona kitu ikitembea kwenye kompyuta, nikapuuza."

Mikono yangu ikasimama. "Kwani uliona?"

"Sikuona. Lakini karani anasema ukikubali kosa lote wanakuhurumia. Na kama ilikuwa inatembea, si lazima nilikuwa niione? Nilipita zote. Nafikiri ni macho. Nimeanza kuogopa, mwiitu. Wiki hii hata kwenye jiko naogopa, nawasha moto naangalia mara tatu."

Ningeweza kuvumilia alaumiwe. Aibu kusema, lakini niliweza, nilikuwa nimevumilia siku sita. Kumsikia akiyatilia shaka macho yake mwenyewe ndiko kulikonishinda.

"Mama, macho yako ni mazima," nikamwambia. "Hakukuwa na kitu cha kuona. Ni mimi niliyeificha ile kazi. Kuna njia ya kuonyesha na njia ya kuficha, nikachagua kuficha, kisha sikukuambia usizime kwa sababu ulinirudisha nikafute viatu."

Mvua ilikuwa imekatika, na kilichosikika ni mabati tu yakidondosha matone.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Kabla mkuu hajaingia."

Akainama, akaikunja barua yake, akaifunga tena kwenye nailoni. Nilitamani anitukane. Akasema, "Basi futa hiyo yote. Andika hii umeniambia. Na uweke jina lako chini, si langu."

Nikaandika. Hakuondoka mpaka nilipochapisha, nikatia sahihi, nikatoka naye hadi ofisini kwa mkuu. Mkuu aliisoma barua mara mbili. Mimi nikapata onyo la maandishi, na mkataba wa Mama ukaongezwa wiki iliyofuata. Nilipompa habari hiyo sikupata shukrani, na sikustahili. Nikamwuliza kama tumemaliza.

"Barua ni ya mkuu," akasema. "Lakini kelele ulinipigia mbele ya watoto. Hao hawasomi barua ya mkuu."

Kwa hiyo Ijumaa, wanafunzi waliporudi kuchukua matokeo ya vitendo, Mama aliwaingiza maabara wote, akawaketisha, akasimama karibu na swichi yake na kunipa ishara kwa kichwa. Nilisimama mbele. Nikasema, "Siku ile mlinisikia nikimgombeza Mama. Hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu mimi, na nililijua hata kabla hamjaanza mtihani."

Hakuna aliyecheka. Yule msichana aliyeziba mdomo kwa daftari siku ile akainua mkono, kwa adabu kabisa, kama mtu aliye darasani.

"Sasa madam, kama ulijua, mbona ukamwachia lawama siku zote hizi?"

Nikamtazama Mama aniokoe. Mama naye alikuwa ananitazama, akingoja jibu.