Chungu cha Kondoo Kilichokataa Kufunguka

Sisi tuliokulia Kitangari tulikula nyama kwa sababu maalumu: sikukuu, msiba, mgeni. Siku nyingine zote ulikuwa ugali wa muhogo na kisamvu, na tulishiba, tukaenda kurukaruka juu ya magunia ya korosho mpaka tukafukuzwa. Tulipoteremka bondeni kuchota maji tulipanda na ndoo kichwani bila kumwaga tone, maana aliyemwaga alirudishwa. Vijana wa leo bomba likikatika saa moja tu, wanaandika kwenye simu kwamba wanateswa.

Kondoo hatukumjua kama chakula. Alikuwa mnyama wa Mama Neema, jirani yetu kutoka Singida, ambaye mume wake alikuwa bwana shamba. Mama Neema aliweka vipande vya nyama kwenye chungu pamoja na vitunguu, nyanya na viazi, akafunika, kisha akaziba ukingo wote wa kifuniko kwa unga wa ngano uliokandwa. Makaa chini, makaa juu, tangu asubuhi mpaka mchana.

"Ukifungua mapema, Mama Zuhura, utamu wote unahamia kwa majirani," alimwambia mama yangu.

Basi ikaja habari kwamba wageni kutoka Mnyambe wanakuja kumposa mama mdogo Somoe, mdogo wake mama. Mjomba Issa, kaka yao mkubwa, akatangaza kwamba kuku wamezoeleka mno. Wageni hawa watakula kondoo. Tukampata kwa Mama Neema kwa kubadilishana na muhogo mkavu. Mama Neema mwenyewe alfajiri ya siku ya wageni akapanda basi kwenda Masasi, na hapo ndipo balaa ilipoanzia, kwa kuwa ngano hatukuwa nayo. Mama akaziba chungu kwa unga wa muhogo.

Chungu chenyewe kilikuwa cha bibi yetu. Kilivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kichwani mwa mama yake, na Bibi alikipenda kuliko baadhi yetu.

Wageni walifika watatu: Mzee Selemani, mshenga, Mama Hamisi, mama wa kijana, na Hamisi mwenyewe, ambaye hakutakiwa kuwapo, akadai kwamba amekuja kushika baiskeli. Wakaamkiwa shikamoo, wakaitika marahaba, wakakaa mkekani. Ndoo ya mwisho ya maji ikatumika kuwanawisha. Ugali ukaja, unatoa moshi. Chungu kikaja. Mjomba Issa akashika kifuniko akavuta.

Chungu kizima kikapanda juu pamoja na kifuniko.

Akakiweka chini, akacheka kidogo, akavuta tena. Ule unga ulikuwa umekauka kama saruji. Baba akaleta kisu, kisu kikavunjika ncha. Baba mdogo akaleta patasi, akagonga taratibu, na Bibi akapiga kelele kana kwamba amegongwa yeye.

"Kwa nini msikilowanishe?" akauliza Mzee Selemani.

"Maji yako bondeni, baba," akajibu mama. "Mengine mmenawia."

Kweli walikuwa wamenawa, na kwa kuwa hapakuwa na maji ya kunawa tena, wote watatu walikaa wameinua mikono hewani wasiguse chochote. Mjomba Issa naye akainua yake kwa heshima. Ungepita barabarani ungedhani tumevamiwa.

Mama akamwomba Mzee Selemani aanze kusema kilichowaleta.

"Habari iliyotuleta tutaisema tukishakula," akasema mzee. "Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Mama mdogo Somoe alikuwa jikoni, akisikia yote. Alimpenda Hamisi mwaka mzima bila kumwambia mtu, na sasa ndoa yake ilikuwa imefungwa ndani ya chungu pamoja na viazi. Akaanza kulia.

Kulikuwa na ufa mdogo kwenye unga, na ufa huo ulikuwa unapiga mluzi. Harufu iliyotoka humo siwezi kuieleza. Majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja: huyu anaomba chumvi, yule anauliza kama tumemwona kuku wake, na wote wakakaa. Mwishowe Mzee Selemani akashindwa. Akamega ugali, akafinyanga tonge, akalisogeza kwenye ufa, akalisubiri lipate mvuke, akala.

Wote tukamsogelea.

"Chumvi imekolea," akasema.

Wakapanga foleni kwa umri. Nusu ya ugali ililiwa kwa mvuke. Lakini Mjomba alipomkumbusha ile habari, mzee akatikisa kichwa: kula mvuke si kula. Jua lilishaegemea, Mnyambe ilikuwa mbali, akaanza kutafuta viatu vyake.

Mama Hamisi hakuinuka. Alikuwa anapapasa chungu. "Aliyefinyanga hiki alijua kazi," akamwambia Bibi. "Tazama shingo yake. Mimi pia nafinyanga, lakini siifikii."

Bibi akamweleza habari za mama yake, za udongo wa kule ng'ambo, na kwa muda wale wawili walikuwa kama peke yao. Kutoka jikoni ikasikika kwikwi. Bibi akageuka.

"Anayelia ni nani?"

"Somoe," mama akajibu.

Bibi akasimama, akaenda kwenye kinu, akarudi na mchi. Hakuna aliyethubutu kumshika. Akapiga mara moja tu, shingoni mwa chungu. Shingo ikatoka pamoja na kifuniko, kama kofia, na nyama ikabaki chini imetulia kwenye mchuzi.

Ilikuwa laini hata meno hayakuwa na kazi. Tulikula tukitema vigae. Mzee Selemani alitoa posa mdomo umejaa, Mjomba Issa akamwomba arudie, akarudia na bado hakueleweka, tukakubali hivyohivyo. Somoe na Hamisi wako Mnyambe hadi leo, wana wajukuu. Bibi alilala siku mbili bila kusema na mtu, siku ya tatu akaomba kiporo.

Sasa naishi Masasi. Wiki iliyopita nilipika nyama ya kondoo kwa jiko la gesi, ikaiva kabla sijamaliza kuosha vyombo. Wanangu wakaipiga picha, kila mmoja akapakua sahani yake akaingia chumbani akafunga mlango. Nikagonga kuuliza kama chumvi imekolea. Hawakunisikia, wameziba masikio kwa vile vidude vyao. Nikarudi mezani nikajiongezea mchuzi, nikala polepole, nikijisifia mwenyewe kwa sauti.