Mama Masjala na Kona ya Duka la Rangi

Watu wa ofisini walimwita Mama Masjala. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ametawala kile chumba cha chini chenye makabati ya chuma, na hakukuwa na faili lililoingia mle likamshinda kulipata. Mkubwa wa idara akitaka kitu alipiga simu tu, naye Mama Masjala akalichomoa faili, akalikung'uta vumbi kwa kiganja na kulipeleka ghorofa ya tatu.

Siku lifti ilipoharibika ndipo alipojua kwamba mwili wake haukuwa tena ule aliouzoea. Alifika ghorofa ya pili, moyo ukawa unamdunda mpaka masikioni, akajikuta amekaa kwenye ngazi na faili mapajani. Mkubwa akawa anashuka, akamkuta.

"Vipi, mama?"

"Nafunga kamba ya kiatu."

Mkubwa akavitazama viatu vyake. Vilikuwa vya kutumbukiza mguu tu, havina kamba wala kifungo. Alilichukua faili mwenyewe, na wiki ile ile akampa ruhusa ya kwenda kupimwa.

Daktari alikuwa binti wa rika la watoto wake, mpole wa sauti lakini maswali yake hayakuwa na pa kukwepea. Presha ilikuwa juu. Sukari ilikuwa imefika mpakani.

"Mama, unafanya mazoezi gani?"

"Napanda ngazi."

"Kwa kupenda?"

"Lifti mbovu."

Daktari alitabasamu, kisha akaweka kalamu chini. "Nakupa miezi mitatu. Ukiuchangamsha mwili tutaona, huenda vidonge vikasubiri. Ukinirudia hivi hivi, tunaanza dawa. Kazini ni mbali na nyumbani?"

"Kilomita sita."

"Baiskeli unajua kuendesha?"

"Nilikuwa najua."

Alikuwa akijua sana. Enzi za ujana wake alikwenda kazini kwa baiskeli kila siku, mvua isimzuie wala jua. Asubuhi alimpakia bintiye wa pili kwenye kiti cha nyuma, akamshusha shuleni, kisha akaendelea na safari. Asubuhi moja, mtoto akiwa na miaka mitano, lori lilikuwa limemwaga kokoto kwenye kona ya duka la rangi. Gurudumu likateleza. Mama alichubuka goti tu, ila mtoto alivunjika mkono.

Mkono uliunga baada ya wiki sita, ukawa mzima kama mwenzake. Lakini mama aliisukuma baiskeli hadi stoo, akaifunika turubai na kuwaambia watoto imeharibika. Tangu hapo akawa mtu wa basi. Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulizungumzia jambo lile na mtu yeyote, hata na mumewe.

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu asiye na papara wala maneno mengi. Aliposikia habari za daktari aliingia stoo, akalivua turubai na kuikokota baiskeli hadi uani. Akaizunguka mara mbili.

"Tairi mpya, breki mpya. Mnyororo nitausafisha mwenyewe," alisema. "Kupanda ni juu yako, mke wangu."

Jumapili iliyofuata alijaribu kwenye uwanja wa shule ya jirani. Miguu ilikumbuka kila kitu. Wifi yake, ambaye nyumba yake ilipakana na uwanja, alimwona kutoka dirishani.

"Wifi, kwa umri huu? Ukianguka tutawaambia nini watu?"

"Waambieni nimeanguka," alijibu, akaendelea kuzunguka.

Wiki ya kwanza ilimtoa jasho. Mapaja yaliwaka moto, akawa anashuka kitandani kama mtu anayeshuka kwenye dari. Bawabu wa ofisi alimpokea langoni kwa heshima zote, akamwuliza kama farasi wake amekula. Kila siku, akikaribia duka la rangi, Mama Masjala alishuka, akaisukuma baiskeli mpaka akaipita kona, ndipo akapanda tena. Kokoto hazikuwapo, palikuwa na lami safi tangu zamani. Mwenye duka alidhani mnyororo wake unamsumbua, akajitolea kumtafutia fundi.

Mwezi wa pili, bintiye wa pili akaja kuwasalimia. Sasa alikuwa mwalimu katika mji mwingine. Tangu asubuhi mama alikuwa akihangaika, akataka hata kuirudisha baiskeli stoo, lakini binti alifika mapema akaikuta imeegemezwa ukutani.

"Hii si ile ile?" aliuliza, akaigusa kengele.

"Ndiyo hiyo." Mama akaushika usukani. "Mwanangu, ule mkono wako... Nilikuwa naenda mbio. Nilichelewa, nikakata kona kwa haraka. Sijawahi kukwambia."

Binti alimkazia macho kana kwamba anangoja aendelee. Alipoona hakuna zaidi, akakaa kwenye kizingiti.

"Mama, kumbe hilo ndilo umelibeba muda wote huu? Mimi ninachokumbuka ni plasta. Darasa zima walinichorea maua. Nilikuwa malkia wa shule mpaka ilipotolewa."

"Hukuumia?"

"Niliumia, nikapona. Nina kinyongo na jambo jingine kabisa. Ulituambia baiskeli imeharibika, nami nikachungulia chini ya turubai nikaona nzima. Wenzangu wote wakajifunza, mimi mpaka leo sijui. Wanafunzi wangu wananicheka."

Mama Masjala alitaka kucheka, badala yake machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaja hivyo hivyo. Fundi saa akachungulia kutoka ndani, akaona wote wawili wameshikana mabega, akarudi kimya kwenye saa zake.

Jioni ile walikwenda uwanjani. Binti alipanda, akayumba, akapiga kelele kama mtoto, na mama akakimbia nyuma yake amelishika tandiko. "Usitazame chini! Tazama mbele!" Wifi alitoka nje na kigoda chake, akakaa kutazama vizuri. Kabla giza halijaingia binti alikwenda hatua thelathini peke yake, akaishia kwenye ua wa michongoma.

Jumatatu Mama Masjala aliikaribia kona ya duka la rangi, akapunguza mwendo, akaikata taratibu bila kushuka. Mwenye duka akampungia mkono.

Miezi mitatu ilipotimia, daktari alimpima presha, akarudia mara ya pili ili awe na hakika. Akasoma karatasi ya sukari.

"Vidonge vitasubiri, mama. Endelea hivi hivi, tuonane baada ya miezi sita."

Alitoka akavuta pumzi ndefu, ikaingia yote mpaka chini. Alikuwa na ruhusa hadi saa sita mchana, na saa ilikuwa ndiyo kwanza nne na nusu. Akapanda baiskeli, akachagua njia ya mzunguko.