Mama Tochi na Mwanga wa Ukutani

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu pa kukaa gizani. Alisimama mlangoni mwa ukumbi wa sinema, akachana tiketi, akatangulia mbele na tochi yake akimulika miguu ya watu, kamwe si nyuso zao, maana uso wa mtu gizani ni siri yake mwenyewe. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Kuanzia meneja hadi muuza bisi, wote walimwita Mama Tochi, ingawa hakuwahi kuzaa. Mwenyewe alisema tochi hiyo imemtunza kuliko watoto wengi wanavyowatunza mama zao.

Alikuwa na uso wa upole, na uso huo uliwadanganya wengi. Mtu aliyeingia akipayuka kwenye simu alikalishwa nyuma ya mtu mrefu kuliko wote ukumbini. Mke na mume walionuniana kwenye foleni walipewa viti chini ya feni iliyopuliza baridi kali, mpaka wakasogeleana wenyewe bila kuombana radhi.

"Simtendei mtu ubaya," alimwambia fundi mitambo, mzee mwenzake aliyeendesha filamu kutoka chumba cha juu. "Nampanga tu."

Ndipo ikaja filamu iitwayo Mpangaji wa Pili. Ililetwa kuziba pengo la wiki moja, kwa sababu filamu ya mapigano iliyotarajiwa ilichelewa. Ilikaa wiki saba.

Ilikuwa filamu ya kutisha, lakini haikuwa na damu wala kiumbe mwenye meno marefu. Mjane anahamia chumba cha kupanga. Kila asubuhi anakuta kiti cha pili kimevutwa, na mezani pana kikombe ambacho hakukitumia, kimelowa. Katikati ya filamu kamera inakitazama kile kiti kitupu dakika mbili nzima, na hapatokei kitu. Mwishoni mjane anakaa, anamimina chai kwenye vikombe viwili, skrini inakuwa nyeusi, halafu sauti inasema, "Asante." Basi. Taa zinawashwa, watu wanatazamana kama waliopunjwa.

Ubishi ulianzia ngazini. Kinyozi wa mtaa wa pili, aliyekuja kila Jumamosi mchana baada ya kufunga kibanda chake, alisema ule ni mzimu wa mume, hakuna la kujadili.

"Mzimu hauhitaji chai," alimjibu mwalimu mstaafu, mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. "Yule mwanamke ana majonzi. Anaamka usiku, anakunywa mwenyewe, asubuhi hakumbuki."

"Mwalimu, akili ni nywele, kila mtu ana zake," kinyozi alisema. "Na nywele nazijua mimi."

Nyuma yao mtu mmoja alisema hao wote wawili wamekosea. Mwenye nyumba ana ufunguo wa akiba, anaingia chumbani kwa watu. Aliyasema kwa uchungu mno. Mama Tochi, aliyekuwa ameegemea mlango akijifanya anakagua ndoano, alikuja kusikia baadaye kwamba mtu yule amewahi kutolewa vyombo nje mara tatu.

Hilo lilimpa burudani kubwa. Aligundua kwamba watu wakidhani wanaeleza filamu, huwa wanaeleza nyumbani kwao. Basi yeye na fundi mitambo wakawa wanabahatisha: mtu akiingia tu, kila mmoja anasema huyu atatoka akiwa upande gani wa ubishi. Anayekosea anafagia bisi. Fundi mitambo, ambaye aliwaona watu kwa juu tu, vipara na vilemba, alifagia karibu kila siku.

Jumamosi ya tatu mzee mmoja aliangusha miwani. Mama Tochi akainama kuitafuta chini ya viti, na alipokuwa anainuka tochi ikamponyoka. Ilikuwa hasa zile dakika mbili za kiti kitupu. Duara hafifu la mwanga likapanda kwenye skrini, likapita ukutani nyuma ya kile kiti taratibu, likazimika alipobana kitufe. Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Alikuwa amesikia watu wakipiga kelele kwa filamu chungu nzima, lakini pumzi ya namna ile hakuwahi kuisikia. Mwili ulimsisimka, na baada ya kusisimka akashikwa na kicheko ambacho ilibidi akimeze pamoja na kona ya kitambaa chake cha kichwa.

Ngazini siku hiyo hapakukalika.

"Mmeona wenyewe," kinyozi alisema, mikono kiunoni. "Mwanga umepita. Nibishieni."

"Mimi nimeiona Jumatano, hapakuwa na mwanga," alisema mwalimu.

"Ulisinzia."

"Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na tano bila kusinzia, nije nisinzie kwenye kiti nilicholipia?"

Mtu mwenye busara angekwenda kusema ukweli pale pale. Mama Tochi alikuwa na busara nyingi, ila siku hiyo aliiacha nyumbani. Jumanne akapitisha mwanga tena, safari hii upande wa kushoto. Alhamisi hakupitisha kabisa. Jumamosi akaupitisha mara mbili, kisha akautetemesha kidogo mwishoni kwa kunogesha. Walioona wakawaita wasioona vipofu, na wasioona wakawaita wenzao waongo, na wote wakarudi kukata tiketi nyingine ili kuhakikisha. Mwalimu alianza kuja na daftari. Kinyozi alichora ukuta wote kwenye kipande cha boksi, akaweka misalaba mahali mwanga ulipopita, akakitundika kando ya kioo chake cha kunyolea. Juu, fundi mitambo alisafisha lenzi mpaka mikono ikamuuma. Meneja naye aliwaandikia wenye filamu barua mbili kulalamika kwamba nakala waliyomletea ina doa linalotembea.

Nyumbani Mama Tochi aliishi na wifi yake, mjane wa kaka yake, aliyehamia kwake miaka miwili iliyopita baada ya msiba. Walikaa vizuri, kwa adabu, kama watu wanaopishana koridoni. Wifi alikuwa mshonaji; alishona mchana kutwa sebuleni, naye Mama Tochi akirudi amechoka alisema, "Nipumzike kidogo wifi, tutaongea," akaingia chumbani na kulala moja kwa moja.

Siku moja wifi akasema anataka kuiona hiyo filamu ambayo wateja wake wanaigombania hadi wanasahau kupimwa. Akaja mchana wa Ijumaa. Mama Tochi alimpa kiti kizuri cha katikati, na zilipofika zile dakika mbili, mkono ukamuwasha. Alijiambia akiacha leo, wifi ataona filamu pungufu. Mwanga ukapita. Wifi hakushtuka wala hakugeuka. Alipotoka alisema tu, "Nzuri," akaenda zake.

Kesho yake asubuhi Mama Tochi alikuta vikombe viwili mezani. Kimoja cha wifi, kimetumika. Cha pili kimejazwa chai, kimepoa, kiti chake kimevutwa. Akadhani ni bahati tu. Kesho kutwa ilikuwa vile vile, na siku iliyofuata pia.

Alirudi akakaa kitandani. Kumbe alikuwa amemchezea mjane wa ndugu yake mwenyewe! Mwanamke wa watu ameona mwanga, ameamini mumewe amerudi, sasa anamwekea chai. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na kisima hiki alikuwa amekichimba kwa betri mbili za tochi. Siku hiyo kazini aliwapanga watu sawasawa, wafupi mbele na warefu nyuma, hadi fundi mitambo akateremka kuuliza kama ana homa.

Jioni alirudi mapema, akavuta kiti, akaketi mbele ya cherehani.

"Wifi, nina neno zito."

Wifi aliacha kushona.

"Ule mwanga ulioona kwenye filamu. Si mzimu. Si kaka. Ni mimi. Ni tochi. Nilikuwa natania watu, nimekutia na wewe. Nisamehe."

Wifi alimtazama, uzi ukining'inia kinywani.

"Sasa nani alisema ni kaka yako?"

"Hicho kikombe je? Kila siku vikombe viwili."

"Kaka yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiingia ndani mlango unagonga ukuta na sufuria zinaanguka," alisema wifi. "Mzimu wake ndio upite ukutani polepole vile, kama mtu anayetafuta miwani? Nilijua ni tochi pale pale. Nikasema moyoni, huyu wifi yangu, kumbe ana michezo, na mimi nimekaa naye miaka miwili sijui."

"Na chai?"

"Chai ni yako."

Mama Tochi aligeuka akaitazama meza.

"Unaondoka hujanywa kitu, unarudi unalala," wifi aliendelea, macho kwenye kitambaa. "Nikasema nimwekee, labda siku moja atakaa. Unapita tu. Unakitazama kikombe kama kina nyoka."

Mama Tochi, aliyewacheka watu wiki tano kwa kusoma yasiyoandikwa, alijikuna kichwa. Kisha akacheka, wifi naye akacheka, na chai waliyokunywa jioni ile iliwafikisha kwenye habari za kaka ambazo hawakuwahi kuzigusa tangu azikwe, pamoja na ile siku aliyojifungia chooni kwenye harusi yake mwenyewe.

Akiwa mwepesi wa moyo, Jumamosi alikwenda kukiri na ngazini.

"Ndugu zangu, ule mwanga ulikuwa tochi yangu."

Kinyozi akatabasamu kwa huruma.

"Mama, tunakuheshimu. Lakini wewe mambo yako ni tiketi. Mambo ya filamu tuachie."

"Nakuambia ni hii hapa." Akaiwasha, akamulika ukuta wa nje. Ilikuwa saa tisa mchana, jua limewaka, wala hakuna aliyeona kitu.

"Haya, uko wapi?" aliuliza kinyozi.

Mwalimu alivaa miwani yake. Alitamani sana jambo lile liwe kweli, kwa hiyo alihoji kama mwalimu. "Kwa nini ulimulika ukuta, hukumulika kiti?"

"Sikupanga. Mara ya kwanza iliniponyoka. Mara nyingine, sijui, mkono ulijiendea tu."

"Mmesikia?" kinyozi aliwageukia watu. "Mkono ulijiendea. Nani aliupeleka?"

Kukawa na mnong'ono. Bibi mmoja akasogea hatua mbili mbali na Mama Tochi. Kuanzia siku ile kukawa na kundi jipya, la watu walioamini kwamba mzimu wa kwenye filamu unatumia wafanyakazi wa ukumbi. Mama Tochi alirudi ndani, tochi bado inawaka mkononi.

Aliyemwamini ni meneja. Alimwita ofisini, akamtolea zile nakala mbili za barua, akamsomea zote mbili, neno kwa neno, pamoja na jibu la wenye filamu lililosema nakala yao haina doa na pengine yeye ndiye apimwe macho. Kisha akanyoosha mkono. Tochi ikawekwa mezani. Adhabu: siku tatu bila kazi ya mlangoni, akauze bisi.

Siku ya kwanza bisi ziliisha mapema, hakuwa na la kufanya, akaingia ukumbini kama mtu yeyote na kukaa kiti cha nyuma. Ndipo alipokumbuka kwamba wiki zote zile hakuwahi kuuona mwisho. Kila mara, dakika tano kabla ya filamu kwisha, alikuwa nje akifungua milango ya chuma ili watu wasikanyagane. Habari za "Asante" alizisikia ngazini tu.

Alimwona mjane akiketi. Aliona chai ikimiminwa, kikombe cha kwanza, cha pili. Skrini ikawa nyeusi. Ikaja sauti. Mama Tochi akabaki kitini hata taa zilipowaka, na kibarua aliyeshika tochi yake siku hiyo akamwambia, "Mama, tunafunga."

Ngazini kinyozi na mwalimu walikuwa wameshaanza. Akawapita, akasimama, akarudi.

"Nyinyi wote mmekosea," alisema. "Mnaulizana mpangaji wa pili ni nani. Mpangaji wa pili ni mjane. Yeye ndiye aliyehamia akamkuta mwenzake. Yule wa kwenye kiti alikuwepo zamani, anamwekea mgeni kikombe kila siku, mgeni anaogopa. Siku ya mwisho mgeni anakubali kukaa. Anayesema asante ni mjane."

Kinyozi alimtazama mwalimu, mwalimu akamtazama kinyozi, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane walikubaliana jambo.

"Haiwezekani," walisema.

"Inawezekana vipi aseme asante na ndiye aliyemimina?" mwalimu aliuliza, daftari limeshafunguliwa.

"Kwani mtu hashukuru nyumba aliyomo? Rudi ukaangalie mkono wa mjane anapomimina."

"Nimeuangalia mkono mara sita."

"Basi nenda ya saba!"

Walibishana mpaka kibarua akafunga milango. Tochi alirudishiwa kabla siku tatu hazijatimia, kwa sababu yule kibarua alimulika watu machoni na mama mmoja akakalia mapaja ya mtu asiyemjua. Hata hivyo hakuharakisha tena kuingia ndani. Zikiwa zimebaki dakika tano alifungua milango, kisha akasimama ngazini akiwasubiri wapinzani wake watoke.

Jumamosi ya mwisho ya filamu ile wifi alimfuata, maana chakula cha mchana kilikuwa kimepoa. Alimkuta katikati ya watu kumi na wawili, kitambaa kimemlegea kichwani, akimweleza kinyozi kwamba mzimu wenye adabu hauingilii mazungumzo. Wifi alisikiliza kidogo. Akaweka mfuko wake chini, akasogeza watu kwa kiwiko, akasema samahani, wote hawajui kusikiliza. Yeye ile sauti aliisikia vizuri, na ilikuwa ya mwanaume, tena mwenye mafua.