Mama Yangu Haombi

Insha ya kuomba nafasi ya kusomea udaktari niliiandika mwenyewe, nyumbani kwetu Masese. Nilieleza jinsi mwiba wa sangara ulivyomchoma mama mkononi, jinsi alivyorudishwa na kituo cha afya mara mbili bila kutazamwa, na jinsi vidole viwili vilivyokatwa. Nilieleza pia kwamba alirudi kubanika samaki kabla bandeji haijatoka, na kwamba mimi ndiye niliyemsafisha kidonda kila asubuhi.

Mwalimu wa ushauri, shuleni Jinja, aliisoma akabinua midomo.

"Haina uchungu. Wasomaji wanataka kulia. Huyu mama mbona anafanya kazi?"

"Kwa sababu anafanya kazi, madamu."

Alicheka, akaketi kwenye kompyuta, akaandika upya: mama kilema, ombaomba wa barabarani, mimi nikilala njaa. Maombi yalikuwa yanafungwa jioni hiyo. Nikaituma. Kosa la hapo ni langu mwenyewe, siwezi kumtwika mtu.

Mama alitaka nimsomee ile niliyotuma. Alikuwa anapara samaki, kisu kikasimama.

"Nilimwomba nani? Nitajie mtu mmoja."

Aligeuka akaendelea kupara.

Kwenye usaili wa chuo, Mbale, walikuwa watu wanne mezani. Mwanamke mwenye miwani alinitazama kwa huruma iliyonichefua.

"Pole, binti. Tueleze maisha ya mtoto wa ombaomba."

Damu ilinipanda. "Mama yangu haombi. Anabanika samaki kwa vidole vinane. Hayo ya ombaomba sikuyaandika, ila niliyatuma mimi. Niulizeni kuhusu kidonda."

Daktari mzee kati yao aliweka karatasi chini. "Haya. Kilianzaje kuharibika?"

Nikamweleza: uvimbe, usaha, mstari mwekundu uliopanda mkono kuelekea kwapani. Aliuliza tena na tena; nilijibu yote.

Nafasi sikupata. Barua ilisema maombi yangu yalikuwa na uongo, na ilisema kweli. Mwaka uliofuata nilituma insha yangu ya kwanza, bila kugusa neno, wakanichukua.

Sasa niko mwaka wa pili. Yule mwalimu bado anawatungia wengine machozi. Na juzi hapa chuoni wanafunzi wapya walisimamishwa mbele ya wafadhili, mmoja mmoja, wasimulie shida zao. Msichana wa tatu alipoanza kutetemeka, nilisimama nikapaza sauti: "Muulizeni anataka kutibu nini!"

Nimeitwa ofisini kesho. Nitakwenda.